Wet Dream au Broken China: Uanze na Albamu Ipi ya Richard Wright?

Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd, alitoa albamu mbili tu kwa jina lake mwenyewe: Wet Dream mwaka 1978 na Broken China mwaka 1996. Katikati ipo miaka 18, na ndani ya miaka hiyo alitimuliwa katika bendi aliyoiasisi, akabaki humo humo kwa ujira, akatoweka kabisa, kisha akarudishiwa kiti chake. Albamu ya kwanza na ya pili hazifanani hata kidogo. Anayeanza na ile isiyomfaa huiweka kando upesi, akaendelea kuamini kile ambacho wengi wanakiamini, kwamba Wright alikuwa mtu wa pembeni katika Pink Floyd. Si kweli, na naumia kila ninapolisikia likisemwa. Kwa hiyo nimezipima hizi mbili bega kwa bega ili ujue wewe, kwa masikio uliyonayo, inafaa uanze na ipi.

Mtu mwenyewe

Wright alizaliwa tarehe 28 Julai 1943 huko Hatch End, pembezoni mwa London. Mwaka 1962 alijiunga na Regent Street Polytechnic kusomea usanifu majengo, na huko ndiko alikokutana na Roger Waters, mpiga besi na mwandishi wa maneno wa baadaye, na mpiga dramu Nick Mason. Usanifu haukumwingia moyoni, akahamia London College of Music. Bendi waliyoianzisha chuoni ilibadili majina mara kadhaa, Syd Barrett, mwimbaji na mpiga gitaa, akaingia, na kufikia mwaka 1965 ikawa Pink Floyd. David Gilmour, mpiga gitaa ambaye leo wengi humdhani mwasisi, alifika mwishoni mwa 1967.

Ukizisikiliza rekodi za mwanzo utaona kwamba ogani ya Wright, Farfisa iliyopitishwa kwenye mashine ya mwangwi ya Binson, ndiyo iliyoipa bendi ile hali ya kuelea angani ambayo watu huihusisha na Barrett peke yake. Hata katika uimbaji alikuwa mbele: kwenye "Matilda Mother" ya mwaka 1967 sehemu kubwa ya sauti ni yake. Barrett alipougua na kuondoka, Wright alikuwa miongoni mwa walioziba pengo, na "Remember a Day" ya mwaka 1968 ni utunzi wake.

Kisha ikaja "Echoes" mwaka 1971, wimbo wa zaidi ya dakika 23 unaoanza kwa noti moja ya piano iliyopitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye tarumbeta inayozunguka ndani yake. Noti moja tu, na ukishaisikia huisahau. Ndivyo alivyokuwa. Wapiga kinanda wengi wa roki ya zama zile walishindana kwa kasi ya vidole. Yeye alishindana na nafasi iliyo kati ya noti na noti.

Albamu ya The Dark Side of the Moon, ya mwaka 1973, imesimama juu ya kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kuliko watu wanavyokiri. Mfuatano wa kodi za piano kwenye "The Great Gig in the Sky" ni wake, na juu yake Clare Torry akapaza ile sauti isiyo na maneno. "Us and Them" ilianza kama kipande cha piano alichokiandaa kwa ajili ya filamu ya Antonioni, Zabriskie Point. Mwongozaji akakikataa, kikakaa kabatini miaka kadhaa, ndipo kikawa mojawapo ya nyimbo nzuri kuliko zote walizowahi kurekodi. Na kwenye "Breathe" ipo kodi moja ambayo mwenyewe alieleza kuwa aliipata kwa kumsikiliza Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, katika albamu ya Kind of Blue. Miaka miwili baadaye, sehemu ya mwisho kabisa ya "Shine On You Crazy Diamond" aliitunga peke yake, na anapoifunga anapenyeza kidogo melodi ya "See Emily Play", wimbo wa Barrett. Salamu kwa rafiki aliyepotea, bila neno hata moja.

Kwa nini basi hatajwi? Nadhani sababu kubwa ni kwamba hakuwa mwandishi wa maneno, na katika roki sifa huenda kwa mwenye maneno na mwenye gitaa. Mpenzi wa taarab atanielewa haraka: anayetuzwa ni mwimbaji, lakini kinanda kikinyamaza katikati ya wimbo ukumbi mzima unageuza shingo. Sababu ya pili ni tabia. Wright hakuwa mtu wa kugombea nafasi. Kufikia albamu ya Animals ya mwaka 1977 jina lake halimo kabisa kati ya watunzi, ingawa wimbo wa "Sheep" unafunguliwa na piano yake ya umeme, peke yake, kwa muda mrefu na kwa uzuri wa ajabu.

Wet Dream, 1978

Hii ilirekodiwa mwanzoni mwa 1978 kwenye studio za Super Bear, kusini mwa Ufaransa, kipindi ambacho Gilmour naye alikuwa akitengeneza albamu yake ya kwanza huko huko. Wright alimchukua Snowy White kwenye gitaa, ambaye alikuwa amezunguka na Pink Floyd mwaka uliotangulia, na Mel Collins kwenye saksafoni. Nyimbo ni 10. Sita hazina uimbaji, nne zina maneno.

Unachokipata hapa ni mikono yake. Piano iko mbele, ogani inajaza nyuma, saksafoni inaingia na kutoka, na hakuna anayekimbia. "Mediterranean C" inakufungulia mlango kwa piano na kukuonyesha ni nyumba ya namna gani umeingia. "Cat Cruise" ni mahali ambapo Collins na White wanapewa uwanja, na Wright anakubali kuwa chini yao katika albamu yenye jina lake mwenyewe jaladani. Mwingine angeiita kukosa ubinafsi wa kisanii. Mimi naiona ndiyo sanaa yake. Alijua kwamba solo ya mtu mwingine husikika vizuri kwa sababu ya kodi iliyowekwa chini yake.

Nyimbo zenye maneno ndizo zinazogawa watu. "Holiday" inazungumzia safari za baharini, na bahari ilikuwa mapenzi yake ya kweli, kwani alikuwa na makazi Ugiriki na alipenda mashua kwa maisha yake yote. Maneno ni mepesi. Anayetafuta ukali wa Roger Waters hatauona. Lakini "Against the Odds" na "Summer Elegy" zinabeba uchovu wa nyumba ambayo watu wawili wanagombana bila kushinda wala kushindwa, na sauti ya Wright, laini na isiyojisukuma, inafanya uchovu huo usikike kuwa wa kweli. Haiigizi huzuni.

Udhaifu wake upo, na ni vizuri uujue kabla. Albamu nzima iko kwenye mwendo mmoja, wa wastani kwenda polepole, na ukiiweka huku unafanya mambo mengine itapita bila kukushika. Kipande kama "Funky Deux" hakiongezi kitu kikubwa. Na ilipotoka haikupata msukumo wowote wa maana, ikazama. Kwa bahati nzuri mwaka 2023, mwaka ambao Wright angetimiza miaka 80, ilitolewa upya sauti zake zikiwa zimechanganywa upya na mwanamuziki Steven Wilson. Kama unaweza kuchagua toleo, chagua hilo: besi na ogani zimetenganishwa vizuri, na vitu vilivyokuwa vimefunikwa vinasikika.

Kilichotokea katikati

Huwezi kuipima Broken China bila kujua haya. Mwaka 1979, wakati wa kurekodi albamu ya The Wall, Waters alimtaka Wright aondoke. Bendi ilikuwa na msukosuko mkubwa wa fedha, kampuni ya rekodi ilitaka kazi iishe kwa haraka, na Wright, ambaye ndoa yake ilikuwa ikivunjika, alikataa kukatisha likizo na watoto wake ili awahi studio. Alikubali kuondoka. Hata hivyo alipiga kwenye maonyesho ya The Wall ya 1980 na 1981 kama mwanamuziki wa mshahara, na kwa kuwa maonyesho yale yalikula fedha nyingi kuliko yalivyoingiza, yeye ndiye pekee kati ya wanne aliyetoka na faida. Kwenye albamu ya The Final Cut ya mwaka 1983 hayupo kabisa.

Mwaka 1984 alitoa Identity akiwa na Dave Harris, kwa jina la Zee. Ni albamu iliyojaa mashine ya Fairlight, yaani kinanda cha kompyuta, baridi, na Wright mwenyewe baadaye aliiona kuwa jaribio lililokosea njia. Siihesabu katika ulinganisho huu. Isikilize mwisho, au usiisikilize.

Gilmour alipoifufua bendi mwaka 1987, Wright alirudi kwa mshahara tena. Ni kwenye albamu ya The Division Bell, mwaka 1994, ndipo aliporejea kuwa mwanachama kamili, na safari hii jina lake limo katika nyimbo kadhaa, ikiwemo "Marooned", iliyopata tuzo ya Grammy. Na kuna "Wearing the Inside Out". Baada ya miaka mingi, Wright anaimba tena peke yake mbele, maneno yakiwa ya Anthony Moore, juu ya mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake mpaka akapoteza usemi, na sasa anajaribu kutoka. Uweke akilini wimbo huu, maana ndio daraja.

Broken China, 1996

Hapa Wright alikuja na jambo la kusema. Mkewe wa wakati huo alikuwa amepitia sonona, ugonjwa ule wa mgonjwa kuzama ndani kwa ndani mpaka walio karibu naye hawamfikii. Wright, aliyekuwa akiutazama kutoka upande wa pili wa chumba, aliamua kuufanyia albamu nzima. Alimwita tena Anthony Moore kuandika maneno. Vipande ni 16 na vinachukua karibu saa nzima, vikigawanyika katika hatua nne: utoto, ujana, ugonjwa wenyewe, na kupona.

Nimesikiliza albamu nyingi za roki zinazodai kuwa na hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chache zinastahili kuitwa hivyo. Hii inastahili, kwa sababu muziki wenyewe unabadilika kadiri mgonjwa anavyobadilika. Mwanzoni, katika "Night of a Thousand Furry Toys", kuna kitu cha kitoto ambacho si salama. "Runaway" na "Satellite" zina mapigo ya haraka, akili isiyotulia. Ukifika "Black Cloud" na "Drowning" mapigo yanakonda, sauti zinakuwa nzito, na nafasi kati ya noti, ile ile ambayo Wright aliitawala tangu 1971, sasa inatisha. Kisha katika "Reaching for the Rail" inaingia sauti ya mwimbaji wa Ireland, Sinéad O'Connor.

Uamuzi wa kumwita O'Connor ndio uliofanya albamu hii kuwa kubwa. Anaimba nyimbo mbili tu, hiyo na "Breakthrough" inayofunga kazi. Wright angeweza kuziimba mwenyewe, lakini mgonjwa katika hadithi ni mwanamke, na katika nyakati mbili za hatari kuliko zote, anapokaribia kuzama na anapotoka, Wright alimpisha aseme kwa sauti ya mwanamke. Alifanya kwa mwimbaji kile alichowafanyia wapiga gitaa miaka yote: akajenga sakafu, akakaa kando.

Waliopiga ni watu wazito: Manu Katché kwenye dramu, Pino Palladino kwenye besi, Tim Renwick na Dominic Miller kwenye magitaa. Hata hivyo ni albamu ya sinthesaiza, vinanda vya umeme vinavyounda sauti, kuliko piano, na hapo ndipo wapenzi wengi wa miaka ya 1970 wanapokwama. Sauti nyingi zina alama ya mwaka zilipotengenezwa. Mapigo ya mashine katika baadhi ya nyimbo yamezeeka. Wright aliyeimba "Matilda Mother" akiwa kijana wa miaka 23 sasa ana sauti ya mtu wa zaidi ya miaka 50, yenye mikwaruzo, ya chini, wakati mwingine karibu na kuzungumza. Kwangu hiyo ni faida. Maneno ya aina hii hayahitaji koo safi.

Sasa pima

Swali la kwanza la kujiuliza ni wimbo gani wa Pink Floyd unaokugusa kuliko mwingine. Kama jibu ni "Us and Them", "Summer '68" au utangulizi wa "Sheep", wewe ni wa Wet Dream, bila wasiwasi. Utakutana na vidole vile vile, kwa mapana zaidi na bila mtu wa kumkatisha. Kama jibu ni "Wearing the Inside Out", au kama The Division Bell ndiyo iliyokuingiza kwenye bendi hii, nenda moja kwa moja Broken China. Ni mtunzi yule yule na mwandishi wa maneno yule yule, wakiendeleza mazungumzo waliyoyaanza miaka miwili kabla.

Swali la pili ni namna unavyosikiliza. Wet Dream inavumilia kukatizwa. Unaweza kuiweka jioni, ukapokea simu, ukarudi, hujapoteza kitu. Broken China haivumilii. Ukiisikiliza vipande vipande, au ukiruhusu programu ya simu ichanganye mpangilio wa nyimbo, utabaki na vipande vifupi vya ala visivyoeleweka kazi yake, kwa sababu kadhaa kati ya hivyo 16 ni vya kuunganisha tu. Inahitaji saa nzima, vipokea sauti masikioni, na ikiwezekana maneno ya nyimbo mbele yako.

Lugha nayo ina uzito. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza cha nyimbo kinampa shida, Wet Dream haimnyimi kitu, maana zaidi ya nusu haina maneno na yaliyopo ni mepesi. Maneno ya Moore katika Broken China ni ya mafumbo. Bila kuyafuata utaupata mhemko, lakini safari ya yule mwanamke itakupita.

Kuna jambo moja zaidi, na nalisema kwa uangalifu. Kama wewe mwenyewe uko katikati ya sonona sasa hivi, Broken China inaweza kukaa karibu sana na mahali panapouma, hasa hatua yake ya tatu. Wako wanaopata faraja kusikia kwamba mtu ameona wanachokiona, wako wanaolemewa. Unajijua kuliko ninavyokujua. Kwa aliyeishi na mgonjwa, mume, mama, dada, rafiki, sijui kazi nyingine ya roki inayoueleza upande huo kwa heshima namna hii, na kwake ndiyo ningeipendekeza kwanza hata kama hajawahi kuisikia Pink Floyd.

Wapo wanaoshauri mtu aanze kumjua Wright kwa albamu ya Pink Floyd, The Endless River, ya mwaka 2014. Gilmour na Mason waliijenga kwa rekodi ambazo hazikutumika, nyingi zikiwa za mwaka 1993, wakati wa kuandaa The Division Bell, na waliifanya kwa kumkumbuka Wright, aliyefariki kwa saratani tarehe 15 Septemba 2008 akiwa na miaka 65. Ni tendo jema na nalithamini. Ila kwa kumwanza mtu siishauri: ni mabaki yaliyopangwa kwa upendo, na uzuri wake unauona baada ya kumzoea mwenyewe. Ukitaka kumsikia akiwa hai na mwenye furaha, chukua rekodi ya tamasha la Gilmour la Gdańsk, Agosti 2006, iliyotoka wiki moja baada ya kifo chake. Humo mna "Echoes" nzima, wawili wale wakiimba pamoja kama walivyoimba 1971.

Ushauri wangu kwa walio wengi, wale waliofika hapa kwa njia ya The Dark Side of the Moon na hawajui chochote zaidi, ni kuanza na Wet Dream, toleo la 2023, kisha "Wearing the Inside Out", kisha Broken China yote kwa mkao mmoja. Kwa mpangilio huo sauti yake inazeeka mbele yako hatua kwa hatua na haikushtui. Lakini ukiniuliza ni ipi iliyo kubwa, na ipi nisingekubali kuipoteza, ni Broken China. Wet Dream wangeweza kuikaribia wapiga kinanda wengine wazuri wa kizazi chake. Broken China hakuna mwingine ambaye angeitengeneza.

Na kama umeijaribu ukashindwa kwa sababu ya zile sinthesaiza na mapigo ya mashine, usikate tamaa kabla ya kupita njia moja ya kando. Mwanzoni mwa 2002 Gilmour alifanya maonyesho ya ala chache katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, akamwalika Wright jukwaani kuimba "Breakthrough" mwenyewe. Onyesho hilo lipo kwenye video ya David Gilmour in Concert. Mapambo ya studio hayapo, wimbo umebaki na mifupa yake, na anayeuimba ndiye aliyekaa upande wa pili wa kile chumba. Anza hapo, ndipo urudi kwenye albamu.